Jina la Baba Kinyumenyume

Andika Vermehr, kisha soma kuanzia nyuma: Rhemrev. Katika Indonesia ya Waholanzi huo haukuwa mchezo wa watoto. Mzungu aliyezaa nje ya ndoa na mwanamke mwenyeji, asitake jina la ukoo wake liandikwe waziwazi, aliweza kuligeuza. Ndivyo Riemsdijk ilivyozaa Kijdsmeir. Mtaa mzima ulijua kusoma majina hayo, hata kama karani hakuuliza kitu.

Mwenye jina la namna hiyo aliyeacha alama kubwa ni J.L.T. Rhemrev, mwendesha mashtaka wa Batavia, mji mkuu wa koloni. Ripoti yake ya 1904 ilianika vipigo na mateso ya makuli katika mashamba ya Deli, Sumatra. Serikali iliifungia kabatini, na umma haukuisoma hadi mwanasosholojia wa Kiholanzi Jan Breman alipoichapisha mwaka 1987. Jina lililogeuzwa, na ushahidi uliofichwa: sidhani kama koloni lile lingeweza kuelezwa kwa ufupi zaidi.

Lakini jina la baba ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mama, nyai. Neno hilo lilikuwa la heshima kwa mwanamke. Vinywani mwa wakoloni likawa na maana ya suria wa Mzungu, apikaye, atunzaye nyumba na kuzaa. Suria wa fiqhi ya Kiislamu alikuwa na kinga: akishamzalia bwana wake hauzwi, na bwana akifa yeye huwa huru. Lakini nyai aliweza kufukuzwa siku bwana alipoagiza mke kutoka Uholanzi. Chini ya sheria ya madai ya 1848, baba akimkiri mtoto, mtoto alihesabiwa Mzungu, na mama mwenyeji akapoteza kauli juu yake. Juu ya kidonda hiki mwandishi wa Kiindonesia Pramoedya Ananta Toer alijenga riwaya yake Bumi Manusia, iliyotoka 1980 na kupigwa marufuku mwaka uliofuata: nyai anaendesha biashara kwa akili kuliko bwana wake, lakini mahakama inamnyang'anya binti yake.

Kwa hiyo familia nyingi za chotara zilirithi ukimya. Picha ya babu mwenye masharubu ilitundikwa sebuleni. Ya bibi haikuonekana. Mjukuu akiuliza sana aliambiwa kwamba bibi huyo alikuwa binti wa mfalme wa Java. (Kwa hesabu hiyo, wafalme wa Java walijaliwa mabinti kupita kiasi.)

Mwaka 1942 Wajapani waliingia, na mambo yakapinduka. Waholanzi walitiwa makambini. Huko Java, chotara aliyethibitisha damu ya Kiasia aliweza kubaki nje. Uthibitisho huo uliitwa asal-usul, maneno yaliyotoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa sisi asili na usuli. Watu walianza kupekua masanduku kumtafuta bibi waliyemficha miaka yote. Jina lake moja, lisilo la baba wala ukoo, likawa na thamani kuliko hati za babu. Thamani hiyo haikudumu. Baada ya Sukarno kutangaza uhuru tarehe 17 Agosti 1945, vijana wenye mianzi iliyochongwa waliwasaka waliodhaniwa kuwa upande wa Waholanzi, na chotara wengi waliuawa.

Waholanzi walikabidhi mamlaka kwa Indonesia tarehe 27 Desemba 1949, na watu wakapewa miaka miwili kuchagua uraia. Ndugu wa tumbo moja waligawanyika: huyu akabaki Mholanzi, yule akawa Mwindonesia. Hadi miaka ya 1960, kama watu 300,000 walikuwa wamehamia Uholanzi, wengi wao wakiiona nchi hiyo kwa mara ya kwanza. Serikali iliwapanga wengi katika nyumba za wageni zilizokuwa na mkataba nayo, wakala viazi vya kuchemsha, na gharama ikakatwa kwenye mishahara yao. Kupika chumbani kulikatazwa.

Walipika hata hivyo. Mlango ukifungwa, jiko dogo likawashwa, wali ukapikwa, pilipili ikasagwa pamoja na trasi, kiungo cha kamba waliochachushwa ambacho harufu yake haifichiki kwa dirisha wala blanketi. Mwenye nyumba alinusa koridoni na kugonga. Ndani, watoto walikuwa wakifundishwa kusaga pilipili hiyo, sambal, kama ilivyosagwa na yule bibi ambaye hakuna aliyewatajia jina lake.