Vilabu vya Vijana Katika Nairobi: Kutoka Kariokor Hadi Mathare



Siku kamati yetu ilipolijadili ombi la vijana la kupewa chumba cha nyuma cha jumba letu, mzee mmoja aliuliza, naye alikuwa na haki ya kuuliza: "Tukishawapa chumba na mpira, wao watatupa nini?" Swali lile halikupata jibu siku hiyo, kwa maana saa zilikuwa zimekwenda na mvua ilikuwa imekaribia. Kwa kuwa nimepewa kurasa mbili katika taarifa hii ya mwaka, nimeona heri nijaribu kulijibu kwa njia ya historia, nikieleza mambo yaliyotendeka katika mji wetu wenyewe wa Nairobi, ambayo baadhi yenu mliyaona kwa macho yenu.

Hapana budi kuanza na Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Mwezi wa Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi, wakawakamata watu kwa maelfu na kuwapeleka vizuizini. Baba alipopelekwa Manyani na mama akarudishwa mashambani, watoto wengine walibaki mjini bila mlezi. Tena miongoni mwa waliofungwa Manyani walikuwamo vijana wadogo ambao hawakustahili kukaa pamoja na watu wazima. Ndipo mwaka 1955 kambi ya vijana ikafunguliwa Wamumu, huko Mwea, nao wakafundishwa kusoma na kazi za mikono.

Katika kambi hiyo alikuwapo Bwana Geoffrey Griffin, aliyezaliwa Eldoret mwaka 1933, mtoto wa Kizungu aliyekulia nchi hii. Huko ndiko alikofahamiana na Bwana Geoffrey Geturo na Bwana Joseph Gikubu. Baadaye Bwana Griffin alipewa kazi ya kuanzisha vilabu vya vijana, na vingi vilifunguliwa vijijini. Mwaka 1959 vilabu viwili vikafunguliwa Nairobi, kimoja Starehe na kimoja Kariokor. Jina la Kariokor, kwa wale wasiojua, latokana na wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918. Na jina la Starehe, sina haja ya kuwaambieni, halikufanana hata kidogo na maisha ya watoto waliobisha hodi pale.

Sasa lililotokea ndilo la kutazamwa. Kilabu kilikuwa mahali pa kucheza na kujifunza mchana, kisha mlango hufungwa jioni, kila mtu aende kwao. Lakini baadhi ya wavulana hawakuwa na kwao. Walilala barazani mwa maduka na sokoni. Basi mabwana wale watatu walitambua ya kuwa kilabu kinachofungwa saa za jioni hakimfai mtoto ambaye shida yake huanza jioni. Mwezi wa Novemba 1959 Kituo cha Starehe kikaanzishwa, kikiwa na vibanda viwili vya mabati vilivyotolewa na kampuni za Shell na BP. Shule yenyewe ilikua kutoka katika vibanda hivyo, hata ikawa miongoni mwa shule za sekondari zinazosifika kabisa katika Kenya, na mtoto wa maskini hakuzuiwa mlangoni kwa kukosa karo. Bwana Griffin pia aliongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa tangu kuanzishwa kwake mwaka 1964 hadi 1988, naye alibaki mkuu wa Starehe mpaka alipofariki mwezi wa Juni 2005.

Jambo moja la Starehe lanipendeza kupita mengine, nalo ni baraza. Wanafunzi walikutana na mkuu wao, na mtoto ye yote aliruhusiwa kusimama na kuuliza au kulalamika, hata juu ya chakula, hata juu ya mwalimu, pasipo kuadhibiwa kwa neno lake. Wazee wengi watasema huko ni kuwadekeza watoto. Mimi nasema huko ni kuwafundisha kunena mbele ya watu kabla hawajajifunza kunong'ona gizani.

Kilabu cha pili nitakachokitaja ni cha Mathare. Bonde lile, ambako mawe ya kujengea mji yalichimbwa, lilijaa watu baada ya Uhuru kupita kiasi. Nyumba zilisongamana, na magari ya taka ya Halmashauri ya Jiji hayakufika. Takataka ziliziba mifereji; mvua iliponyesha, maji machafu yaliingia vyumbani, na watoto ndio waliougua kwanza. Mwaka 1987 Bwana mmoja wa Kanada, Bob Munro, mtaalamu wa mambo ya mazingira, aliwakuta watoto wa huko wakicheza kandanda kwa mpira wa makaratasi ya nailoni yaliyofungwa kwa kamba. Walitaka mpira wa kweli na mwamuzi wa kweli. Akakubali kuwasaidia, lakini kwa masharti: wao nao wafanye kitu kwa ajili ya mtaa wao. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, ambacho watu hukiita MYSA.

Mimi ni karani, na hupenda daftari lililopangwa vyema. Kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo juu ya hesabu za chama hicho. Katika ligi yao, timu haikupata alama kwa mabao peke yake. Timu iliyokwenda na matoroli na reki, ikazibua mfereji na kuzoa taka za sehemu yake, iliandikiwa alama sita, yaani zaidi ya alama za kushinda mchezo mmoja. Timu hodari ya mguu lakini mvivu wa reki haikuweza kuchukua kikombe. Mchezaji aliyefukuzwa uwanjani kwa kadi nyekundu hakurudi kucheza mpaka awe amesimama mwamuzi katika michezo sita ya watoto wadogo. Wazieni kijana mwenye hasira, filimbi mkononi, akizomewa na watoto wa miaka kumi! Mimi sijapata kusikia adhabu iliyo na busara kuliko hiyo.

Viongozi walikuwa vijana wenyewe, wengi wao wa umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, waliochaguliwa kutoka kila sehemu ya mtaa. Kijana aliyefundisha timu, akaamua michezo, akahudhuria mikutano, aliandikiwa alama zake. Na wenye alama nyingi walilipiwa karo, fedha zikipelekwa moja kwa moja shuleni, si mkononi mwa mtu. Mnaona basi jinsi mpira ulivyogeuka kuwa karo.

Wasichana hawakuwamo mwanzoni. Walianza mwaka 1992, na haikuwa rahisi, kwa sababu wazazi waliuliza, wakati binti yuko uwanjani, ni nani atakayeteka maji na kumtunza mdogo wake. Sisi katika chama chetu tusijifanye kwamba swali hilo hatulijui.

Mwaka huo huo wa 1992 chama hicho kilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa kazi ya mazingira. Mwaka 1994 ikaundwa timu ya wakubwa, Mathare United, iliyochukua Kombe la Moi mwaka 1998 na tena 2000, na ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 2008. Vikombe hivyo ni vizuri, lakini nadhani mfereji uliozibuliwa uliwafaa watu wengi zaidi.

Kwa hiyo, kwa mzee wetu aliyeuliza, jibu langu ni kwamba vijana wale walitoa walichoombwa kutoa, kwa kuwa walioombwa waliaminiwa daftari. Ombi la vijana wetu, pale lilipo sasa, lataka chumba tu. Halisemi watafanya nini, wala halitaji wasichana. Nimewashauri waliandike upya. Na kamati nayo, iliyotaka ufunguo ukae kwa mwenyekiti, ifikiri tena, maana mwenyekiti wetu hulala saa mbili usiku, na vijana hutoka kazini saa moja. Shauri hili litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu, na kila mwanachama aliyelipa ada yake atakuwa na kura.