Swali la Mwanafunzi katika Maabara ya Fizikia: Kutoka Magamba hadi Maji ya Chai

Ufundishaji unaomzingatia mwanafunzi nchini Tanzania huhusishwa zaidi na mtaala wa mwaka 2005, uliosisitiza ujenzi wa umahiri. Hata hivyo, hoja yake ya msingi, yaani nani mwenye haki ya kuuliza swali katika maabara, ilijitokeza zaidi ya miaka arobaini kabla ya hapo.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuchelea kukosa nafasi katika jokofu, aliweka maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimjibu kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, swali hilo lilidhihakiwa tena. Ndipo alipoikuta maabara i wazi, akalijaribu mwenyewe kwa bika mbili za maji.

Mwanafizikia Denis Osborne, kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alimuuliza swali lile lile mbele ya wenzake. Osborne hakulikubali wala hakulikataa, bali aliagiza jaribio lifanyike. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Wanasayansi wangali wanabishana kuhusu matokeo hayo, lakini ubishi huo nao huendeshwa kwa vipimo, si kwa dhihaka.

Katika swali lake, Mpemba alitaja maji ya nyuzi joto 35 na ya nyuzi joto 100. Iringa, iliyo mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Hata mdadisi huyo, basi, alitumia tarakimu ya kitabu.

Mtihani huo huo unazikabili shule za Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Huko, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,000, kipimajoto katika maji yanayochemka hakifiki nyuzi 97. Mwanafunzi anayeandika 100 huenda akapata alama, ilhali ameacha kuyaamini macho yake. Anayeandika 96 na kuuliza sababu ameanza somo la kanieneo ya hewa. Kwa hiyo, kugawa wanafunzi katika makundi na kuwapa vifaa hakutoshi. Kinachoamua ni jinsi mwalimu anavyoipokea ile 96.