Wagika, Wagalu na ngoma iliyoingia kanisani

Mavuno yakishaingia ghalani, Usukumani huanza msimu wa kushindana. Kambi mbili husimama kwenye kiwanja kimoja, kila moja na ngoma zake na manju wake, ambaye Wasukuma humwita ningi. Watazamaji ndio waamuzi, na wanapiga kura kwa miguu. Upande wa pili ukinoga, wanahama, na manju aliyeachwa anabaki akiimbia migongo.

Kambi hizo ni Wagika na Wagalu. Katikati ya karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana nani ana dawa yenye nguvu zaidi, na kipimo kikawa ngoma: ashindaye ni yule atakayevuta watu wengi. Wafuasi wao walienea Usukuma nzima, Shinyanga na Geita zikiwemo. Ushindani ukazaa ubunifu usio na mfano. Huyu akileta chatu shingoni, yule anajibu kwa jembe. Katika ngoma ya bugobogobo mchezaji hulirusha jembe juu, likazunguka hewani, akalidaka, na mpini ukatua kiganjani pamoja na pigo la ngoma. Mdundo huohuo uliwalimisha vijana mashamba ya pamba, majembe yakishuka kwa mstari mmoja.

Mashindano hayo yalizusha mgogoro kwa sababu ya dawa na maneno. Manju hakuwa mtu wa kupamba. Alimchana mpinzani kwa jina, akafumba, akatukana. Baadaye bei ya pamba, kodi na chama cha siasa cha TANU navyo viliingia kwenye nyimbo. Halikuwa jambo dogo Usukumani, ambako matawi ya TANU yalipigwa marufuku kuanzia 1954 hadi 1958, na ambako watu wa Geita, mwaka huo wa 1958, waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya la mseto wa rangi.

Wamisionari nao walikuwa na lao. White Fathers, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Mfaransa Charles Lavigerie, walifungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1883. Kwao dawa ya kuvuta watu ilikuwa ushirikina, na mbatizwa alitakiwa kuachana na vyama vya ngoma. Amri hiyo ilikuwa nzito kuliko walivyodhani: kuacha ngoma kulikuwa kuacha kundi la kulimiana, marafiki na msimu mzima wa furaha.

Aliyegeuza mambo alitoka ndani ya shirika hilohilo. Katika miaka ya 1950, David Clement, padri kutoka Quebec, Kanada, aliyekulia katika Kifaransa, alianza kazi Bujora, karibu na Kisesa. Hakuleta tenzi za kwao ili zitafsiriwe. Alitaka nyimbo za ibada zitungwe kwa sauti za Kisukuma na zipigiwe ngoma za Kisukuma. Ulikuwa ujasiri, maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokubali muziki wa wenyeji ibadani, ulifunguliwa mwaka 1962 tu. Hakuwa peke yake: kule Kamina, Kongo, Missa Luba, misa ya mtindo wa Kikongo ya padri Guido Haazen, ilirekodiwa mwaka 1958, na hapa Tanzania padri Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu. Kwa upande wa Shinyanga, padri Donald Sybertz na wenzake wa Ndoleleji walikusanya nyimbo, methali na vitendawili kwa miaka mingi. Bila subira ya watu kama hao, maneno mengi ya manju yangezikwa pamoja na wenyewe.

Urithi mkubwa zaidi wa Bujora ni Bulabo, yaani maua, yale yanayotawanywa njiani katika maandamano ya sikukuu ya Ekaristi. Clement aliiunganisha sikukuu hiyo na mashindano ya ngoma, zilezile zilizokuwa zimekatazwa. Ibada ikiisha, umati unamiminika kiwanjani. Vumbi linapanda, ngoma zinajibizana, na watu wanaanza tena kuhama: Wagika upande huu, Wagalu upande ule.