Maski, kofia na kunguru: ginsi nguo za filme "The Lone Ranger" zilileta ugomvi

Filme ya makoboyi, mutu anaitambua mbele hata mumoja aseme neno: kofia pana, mukaba wa risasi, kitambaa shingoni. Njo maana, wakati studio za Marekani zinatengeneza upya filme ya zamani, watu wenye walikomaa nayo wanaangalia nguo kwanza. Katika True Grit ya mwaka wa 1969, John Wayne alifunika jicho la kushoto. Filme hiyo ilipofanywa tena mwaka wa 2010, Jeff Bridges alifunika jicho la kuume. Jambo ndogo sawa vile, wapenzi wa filme wanaliona na wanaweza kulizungumuzia usiku muzima.

Mara nyingi ni mazungumuzo ya kuchekesha tu. Lakini kwa The Lone Ranger haikuwa mchezo. Hadisi hiyo ilitengenezwa upya mara mbili kwa sinema, mwaka wa 1981 na mwaka wa 2013, na mara zote mbili watu waligombana juu ya nguo. Mara ya kwanza mambo yalifika ku tribinali. Mara ya pili yaligusa heshima ya watu wenye inchi yao ilinyanganywa.

Ilianzia ku radio

The Lone Ranger ilianza mwaka wa 1933 ku radio WXYZ ya Detroit. Ni hadisi ya askari wa Texas mwenye alibakia peke yake kisha wenzake kuuawa katika mutego. Mwenye alimuokoa ni Tonto, mumoja wa wenyeji wa asili, wale wenye filme za zamani zilizoea kuita Wahindi. Kuanzia siku ile, askari huyo anaficha uso wake na maski yenye ilikatwa mu nguo ya ndugu yake mwenye alikufa. Anapanda farasi mweupe, jina lake Silver, na anatumia risasi za feza.

Ku radio, hakuna mutu anaona nguo. Kila musikilizaji alijishonea picha yake mwenyewe kichwani. Sauti ya Tonto ilikuwa ya John Todd, muzungu, na wasikilizaji hawakuwa na namna ya kumuona.

Televizyo ilimaliza uhuru huo. Kuanzia mwaka wa 1949 mupaka 1957, watu waliona zaidi sura moja: Clayton Moore na nguo zake zenye kumubana vizuri, kofia nyeupe na maski nyeusi. Kando yake kulikuwa Jay Silverheels, Mumohawk mwenye alizaliwa Six Nations, inchini Kanada. Yeye alivaa nguo za ngozi zenye nyuzi za kuninginia na kitambaa kwenye kichwa. Watoto walinunuliwa maski na kofia, wakacheza hadisi hiyo nyuma ya nyumba zao.

Kwa familia nyingi za wenyeji wa asili, kumuona Silverheels kila juma ilikuwa furaha, juu alikuwa wa kwao kweli. Lakini nguo zake hazikuwa za Wamohawk, na luga ya kukatakata yenye Tonto alipewa ilikuwa imetungwa na waandikaji. Silverheels alijua hayo. Katika miaka ya 1960 alishiriki kuanzisha kule Los Angeles masomo ya kufundisha wachezaji wa filme wenye asili kama yake.

Muzee mwenye alinyanganywa maski

Kisha televizyo kumaliza kutengeneza hadisi hiyo, Clayton Moore hakuvua maski. Kwa miaka mingi aliendelea kutembelea masoko makubwa, sikukuu na watoto, akiwa amevaa kofia nyeupe na maski yake. Kwa watu wengi, yeye njo alikuwa Lone Ranger mwenyewe.

Lakini maski ilikuwa na mwenye mali. Kampuni ya Jack Wrather ilikuwa na haki zote za hadisi hiyo, na ilikuwa inatayarisha filme mupya na kijana mwingine. Haikutaka watu wafikiri kama muzee huyo njo angecheza ndani yake. Mwaka wa 1979, tribinali ilimukataza Moore kuvaa maski mbele ya watu.

Moore hakubakia nyumbani. Pa nafasi ya maski, alivaa miwani ya jua kubwa yenye kufunika pande zote za macho, akaendelea na safari zake. Watu wengi walimuunga mukono. Kwao, karatasi za kampuni zilikuwa zinasema kweli mbele ya sheria, lakini mutu mwenye alivaa maski hiyo miaka makumi tatu kwa heshima hangeweza kufanywa mwizi wa nguo zake mwenyewe.

Filme mupya, The Legend of the Lone Ranger, ilitoka mwaka wa 1981. Mwenye kuvaa maski alikuwa Klinton Spilsbury, na hata sauti haikuwa yake. Mutu mwingine, James Keach, alisema maneno pa nafasi yake. Filme ilianguka, na Spilsbury hakuonekana tena katika filme ingine. Si maski pekee njo iliiangusha, lakini watu wenye wangepaswa kuipenda walikuwa wamekwisha kukasirika mbele hata waone picha ya kwanza. Mwaka wa 1984, Moore aliachiwa kuvaa maski yake tena. Alikufa mwaka wa 1999.

Kunguru juu ya kichwa

Mara ya pili, ugomvi haukuwa juu ya maski. Mwezi wa 3 mwaka wa 2012, kampuni ya Disney ilionyesha picha ya kwanza ya filme mupya, yenye iliongozwa na Gore Verbinski. Armie Hammer alikuwa Lone Ranger, na nguo nyeusi na kofia nyeupe. Lakini macho yote yalienda kwa Johnny Depp, mwenye alicheza Tonto: uso wa rangi nyeupe na mistari myeusi, kifua wazi, na ndege mweusi mwenye alikufa juu ya kichwa.

Watu waliuliza mara moja: kabila gani linavaa vile? Jibu lilikuwa: hakuna. Depp alieleza kama wazo lilitoka kwa picha yenye ilichorwa na Kirby Sattler. Katika picha hiyo, kunguru anaruka nyuma ya kichwa cha mupiganaji. Depp aliona sawa vile ndege amekaa juu ya kichwa, na akaipenda. Sattler mwenyewe haiko mwenyeji wa asili, na picha zake zinatoka katika mawazo yake, si katika historia ya kabila moja. Kwa hiyo nguo hiyo ilikuwa mawazo ya muchoraji, kisha mawazo ya muchezaji juu ya mawazo hayo.

Katika filme, Tonto ni Mukomanche. Na Wakomanche wako, wanaishi mupaka leo, wengi wao Oklahoma, na serikali yao na luga yao. Hawakukubaliana wote. LaDonna Harris, mama Mukomanche mwenye kujulikana sana kwa kutetea haki za wenyeji, alimupokea Depp kama mutoto wake katika mwaka wa 2012. Wale wa upande wake waliona ni jambo zuri kwamba filme yenye watu wengi wataona inamupa Tonto akili na nafasi kubwa, pa nafasi ya kumufanya mutumishi.

Wengine walikataa. Walisema kwamba watoto wa Marekani wanaona wenyeji wa asili mara haba sana katika sinema, na kile kidogo wanaona ni rangi na manyoya tu. Waliuliza pia kwa nini mwaka wa 1949 walipata Mumohawk wa kucheza Tonto, na miaka zaidi ya 60 kisha pale studio kubwa ilichagua mutu mwenye kujulikana kama muzungu. Depp alikuwa amesema kwamba ana mababu wenyeji. Jibu hilo halikuwatosha.

Wenye kutetea filme walionyesha kitu kimoja cha kweli: ndani ya hadisi, Wakomanche wenyewe wanasema kwamba Tonto alipoteza akili kisha watu wa kijiji chake kuuawa. Kwa hiyo ndege yule haiko desturi ya kabila. Ni kidonda cha mutu mumoja. Lakini jambo hilo linaelezwa ndani ya filme, katikati. Afishi iko inje, ukutani, na watu wengi wanaona afishi tu.

Filme ilitoka mwezi wa 7 mwaka wa 2013. Disney ilitumia dola zaidi ya milioni 200 na haikupata faida yenye ilingojea. Pamoja na hayo, kazi ya rangi na nywele iliteuliwa kwa tuzo la Oscar. Wafundi walifanya kazi yao vizuri sana. Ugomvi ulikuwa juu ya wazo lenye walipewa.

Na Wakongomani?

Mambo haya hayako mbali na Congo. Katika miaka ya 1950, filme za makoboyi ziliingia Léopoldville, yenye leo ni Kinshasa, na vijana wa mitaa walizipenda kuliko kitu chote. Walijiita Bills, kwa sababu ya Buffalo Bill. Walivaa jinzi na vitambaa shingoni, wakajipa majina ya makoboyi, wakatunga na luga yao, Hindubill.

Wakoloni waliwaona kuwa wahuni. Lakini kwa kijana mwenye hakuwa na haki ya kuzunguka muji wa wazungu usiku, kitambaa cha koboyi kilisema: mimi pia ni mutu, na mutaa huu ni wangu. Katika filme zile kulikuwa pande mbili, wenye kuchukua inchi na wenye kunyanganywa. Kijana wa Léopoldville alikuwa karibu zaidi na Muhindi, lakini alivaa kofia ya koboyi, juu sinema ilimuonyesha kwamba mwenye kofia njo anashinda.

Nguo ile ile ya filme, kwa hiyo, inaweza kumuinua mutu mumoja na kumudharau mwingine. Wapenzi wa Clayton Moore walijua hivyo walipomutetea muzee wao. Wakomanche pia walijua, wenye kukubali na wenye kukataa, kwa sababu uso wenye ulipakwa rangi kwenye afishi ulikuwa unasemwa kuwa uso wao.