Nomu, na Kwa Nini Si Pepo

Ngoma ya uponyaji ya Waju/'hoansi, Wasan wa Kalahari wanaoishi Nyae Nyae huko Namibia na Dobe upande wa Botswana, mara nyingi hukesha. Wanawake huketi kuuzunguka moto wakiimba na kupiga makofi. Wanaume huwazunguka kwa hatua fupi nzito, njuga za vifukofuko vya nondo zikilia miguuni. Mara nyingi hakuna ngoma inayopigwa, lakini hilo si tatizo: neno letu limekwisha kubeba mchezo, wimbo na uganga pamoja.

Kazi ya kutafsiri iko kwenye n/om, kile kinachomwezesha mganga kuponya. Ule mstari wa mshazari ni kidoko, kama vile vya Wasandawe na Wahadzabe. Kwa Kiswahili napendekeza nomu. Lorna Marshall, aliyewachunguza Waju/'hoansi tangu miaka ya 1950, alitumia neno la Kiingereza lenye maana ya dawa. Richard Katz, katika kitabu chake cha 1982, alichagua nguvu. Dawa ina haki yake, maana nomu imo pia katika asali na mimea fulani. Nguvu ni pana mno.

Nomu hukaa tumboni mwa mganga. Mchezo na moto huipasha hadi, kwa maneno yao wenyewe, ichemke na kupanda uti wa mgongo. Mganga hutetemeka, jasho humtiririka, pengine huanguka. Akiimudu, huwawekea mikono wote waliopo, wagonjwa na wazima, akiyavuta maradhi na kuyatupa kwa ukelele.

Hali hiyo, !aia, wafasiri wetu huiita kupagawa. Naipinga tafsiri hiyo kabisa. Katika ngoma ya pepo ya pwani, mgeni humpanda mtu, humfanya kiti, hudai vitu vyake na kusema kwa kinywa chake. Kalahari, roho za wafu husimama nje, gizani, na mganga huzikabili na kuzikemea zimwache mgonjwa. Mikono ni yake, na nomu ni yake, imeamshwa na sauti za wanawake. Ukisema amepagawa, umemgeuza tabibu kuwa mgonjwa.

Tuseme "kuchemka nomu". Najua mitaani kuchemka ni kushindwa, ndiyo maana neno nomu lisiachwe nyuma: mzee amechemka nomu, sasa anaponya.