Mazoea madogo ya mwalimu yanayomvuta mwanafunzi

Mwanafunzi anayekaa dawati la nyuma muhula mzima bila kutajwa jina ni mwepesi wa kuacha shule, na huenda wiki nzima ikapita kabla ya yeyote kung'amua kwamba hayupo. Tangu elimu ya msingi ifanywe bila malipo mwaka 2003, madarasa mengi ya shule za umma nchini yamefurika, na kumtambua mtoto mmoja miongoni mwa sitini si kazi nyepesi. Hata hivyo huwezekana, na huanza na rejista.

Walimu wengi huisoma wakiwa wameinamisha vichwa, kana kwamba wanahesabu magunia. Aliye stadi huinua macho kila anapotaja jina, akamtazama mwenyewe. Wengine huwapa wanafunzi vipande vya katoni waandike majina yao na kuvisimamisha juu ya madawati katika majuma ya kwanza ya muhula. Aliyekosa siku tatu huitwa kando, wala si mbele ya wenzake, akaulizwa kulikoni.

Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaikataza waziwazi. Wapo walimu walionung'unika kwamba wamepokonywa silaha. Lakini kiboko hakimfanyi mtoto aulize swali. Humfunza kunyamaza tu.

Zoea jingine, ambalo halina gharama na pengine ndilo gumu zaidi, ni kungoja. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alibaini kwamba walimu wakishauliza swali husubiri takriban sekunde moja tu kabla ya kulirudia, kulijibu wenyewe au kumgeukia mwingine. Waliojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kusema. Nchini Kenya jambo hili lina uzito wa ziada. Kuanzia mwaka wa nne wa shule ya msingi, masomo mengi hufunzwa kwa Kiingereza. Mtoto ambaye angali analitafsiri swali kichwani atajibuje kwa sekunde moja? Kimya chake hudhaniwa kuwa ujinga.

Daftari nalo huzungumza. Alama ya mkasi iliyochorwa kwa wino mwekundu haimwelezi mwanafunzi alipopotoka, ilhali sentensi moja humwelekeza. Kwa kuwa madaftari sitini ni mzigo, yafaa kuchagua kumi kila siku na kuyasahihisha kwa makini.

Peter Tabichi, aliyetuzwa Dubai mwaka 2019 kuwa mwalimu bora duniani, alikuwa akifundisha Keriko, shule ya upili ya kutwa huko Njoro, Kaunti ya Nakuru, iliyokuwa na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Yeye na wenzake wanne waliwafunza waliolemewa na Hisabati na Sayansi, mmoja mmoja, nje ya vipindi. Wikendi alizuru nyumba za wanafunzi na kukutana na jamaa zao ili aelewe matatizo yao.

Ziara ya namna hiyo humfichulia mwalimu yasiyoandikwa kwenye rejista. Akikuta nyumba isiyo na taa, hutambua kwamba kazi ya ziada aliyoipa jina la uvivu haikuwa na mwanga wa kufanyiwa, na tangu hapo huitoa mapema ili imalizwe shuleni kabla ya jua kutua.