Ufunguo Uliosahauliwa

Aghalabu mtu akisahau, hupotewa na kilichomo moyoni mwake tu. Barua au hati yenyewe hubaki pale ilipowekwa. Katika diski iliyotiwa fumbo, sivyo. Humo kila neno limegeuzwa kwa hesabu, na ufunguo wa hesabu hiyo umefungwa kwa neno la siri la mwenye mali. Kanuni iliyotangazwa na serikali ya Marekani mwaka wa 2001 yaruhusu funguo ambazo hesabu yake huandikwa kwa tarakimu 78. Kuzijaribu moja moja ni kazi isiyo na mwisho. Kwa sababu hiyo mwongozo wa taasisi ya viwango ya nchi hiyo, wa mwaka wa 2014, uliitaja kazi ya kuharibu ufunguo kuwa ni njia mojawapo ya kufuta diski. Basi aliyesahau amekwisha kufuta pasipo kukusudia. Akiifuta diski kwa mkono wake, ataokoa chombo tu.

Wengi hufanya hivyo, wakasonya, wakaanza upya. Stefan Thomas hakuweza. Fundi huyu wa programu, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia San Francisco, alitunzwa bitcoin 7,002 mwaka wa 2011 kwa kutengeneza filamu fupi ya katuni iliyoeleza fedha hiyo mpya. Funguo za mali hiyo alizitia katika flashi ya IronKey, akaliandika neno la siri katika karatasi, na karatasi ikapotea. Wakati huo bitcoin moja ilikuwa ya thamani ndogo kuliko ilivyokuja kuwa baadaye.

Flashi ile ilimpa mtumiaji majaribio 10; la kumi likikosea, yaliyomo hupotea milele. Haiwezi kumpambanua mwizi na mwenyewe, wala ukali huo si kosa la waundaji, kwani ndio waliouuza. Thomas alijaribu maneno aliyoyazoea, akakosa mara 8. Habari zake zilipoenea Januari 2021, mali ile ilikuwa imefikia kiasi cha dola milioni 220, naye alieleza jinsi alivyokuwa akilala kitandani akiwaza, akaiendea kompyuta na hila mpya, akarudi amekata tamaa.

Mwaka wa 2023 kampuni ya Unciphered ya Seattle ilitangaza kuwa imegundua njia ya kuvunja flashi za namna ile. Thomas hakuipokea kazi yao. Alikuwa amekwisha kuahidiana na mafundi wengine. Flashi ikabaki imefungwa, na majaribio mawili yamesalia.